Matone Tuliyoyachanganya

1

Daktari Kokugonza alivua viatu mlangoni, akaketi sakafuni karibu na binti yangu Mbuke, akasema, "Ni mimi, Koku," ili Mbuke asilazimike kuuliza ni nani. Hakuna aliyemfundisha kufanya hivyo. Kwa miaka miwili alifanya hivyo kila alipoingia kwetu, na mimi kila mara niliona.

"Leo unanuka dawa ya sakafu," Mbuke akamwambia. Mikono yake iliendelea kusokota uzi wa pamba. Kipofu asokotaye hahitaji taa. "Umehamia maabara?"

"Nimeshinda huko siku tatu, dada."

"Basi Mama akupe matobolwa. Mhaya akikosa ndizi anapewa viazi, atafanyaje? Atakula huku anazungumza Kiingereza."

Siku nyingine Koku angejibu. Angesema Wasukuma wanakausha viazi kwa sababu hawajui kuvipika vikiwa vibichi, nao wangechekana mpaka chai ipoe. Siku hiyo alinigeukia mimi. Nikaweka chini kisu nilichokuwa nikimenyea viazi.

"Bibi Minza," akasema, "nimekuja kwako kabla sijaenda kwa mtu mwingine. Kesho watatangaza kwenye vipaza sauti vya ushoroba, na sikutaka uisikie huko. Dawa imeshindwa."

"Imeshindwaje?"

"Watoto sitini na wanne. Nusu yao chupa zao zilikuwa na dawa, nusu zilikuwa na maji matupu. Nimepima kila jicho mara nane. Kama dawa ingefanya kazi, macho ya kundi la kwanza yangekua polepole na ya kundi la pili yangekimbia. Hayakufanya hivyo. Makundi yote mawili yako sawa, Bibi. Sawasawa kabisa."

"Lakini macho ya wajukuu zangu, Kulwa na Doto, hayajakua sana. Umesema mwenyewe."

"Hayajakua sana kwa watoto wote wa hapa. Baraza la Tiba linasema ni zile taa mpya tulizofunga mwaka juzi. Mimi sina cha kuwajibu. Ndiyo maana kulikuwa na kundi la maji, ili mtu asije akaisifia dawa kwa kazi ya taa."

Mbuke aliacha kusokota. "Na chupa?"

"Gari la Baraza litakuja kuzikusanya baada ya siku tano."

"Watoto wakiacha ghafla itakuwaje?"

Koku aliangalia viganja vyake. Siku alizomtia mtoto matone yeye mwenyewe, kwanza aliipasha chupa joto katikati ya viganja hivyo, ili tone lisimshtue. "Jicho lililozuiwa, likiachiliwa, hukimbia," akasema. "Lakini hili halikuzuiwa na dawa. Namba ndizo zinasema hivyo. Basi halitakimbia."

Halafu akalia. Mbuke akapapasa hewani mpaka akakipata kichwa chake, akakilaza begani. Binti yangu, ambaye yeye ndiye angestahili kuliliwa, akawa anambembeleza daktari.

Mimi nilikuwa nimekaa na kiazi mkononi. Nilijua kwa nini namba zilikuwa sawa. Nilijua kama ninavyolijua jina langu, na sikusema kitu. Nikamfungia Koku matobolwa kwenye kitambaa, akaenda nayo.

2

Mimi nilizaliwa nje. Nikiwa na umri wa Kulwa na Doto nilichunga mbuzi kwenye mbuga za Kishapu, na ng'ombe wa mjomba nilimtambua kwa mwendo wake akiwa bado anaonekana ukubwa wa punje ya mtama. Joto lilipofika mahali pa kuwaua ng'ombe wakiwa wamesimama, tuliingia chini ya Paa la Saba, mmoja wa miji iliyofunikwa. Dakika kumi za nje mchana zinatosha kumlaza mtoto, na wengine hawaamki.

Chini ya Paa ukuta ulio mbali kuliko kuta zote uko hatua themanini. Watoto wetu hawajapata kutazama kitu kilichoupita ukuta huo. Siku moja niliwasimulia wajukuu zangu habari za wale ng'ombe, Doto akauliza, "Bibi, mbali ni wapi?" Nikajaribu kumweleza, nikashindwa, tukaishia kuimba.

Koku alitueleza jambo lenyewe siku ya kwanza, sisi mabibi ishirini na tisa tumeketi kwenye ukumbi wa kuchambulia pamba. Alisema jicho la mtoto hukua kama kiazi ardhini. Zamani mwanga mkali wa jua ulikuwa ukiliambia, tosha sasa, acha kukua. Hapa chini hakuna wa kuliambia. Linaendelea kurefuka, na likirefuka mtoto haoni mbali. Hilo peke yake si msiba, miwani ipo. Msiba ni kwamba pazia la ndani ya jicho halirefuki nalo. Linavutwa. Jicho la mtu mzima la kawaida lina urefu wa milimita ishirini na nne. Likifika ishirini na saba, pazia limekonda kama karatasi ya sigara, na siku yoyote linachanika.

La Mbuke lilichanika akiwa na miaka ishirini na minne. La kulia Jumatatu, la kushoto kabla mwezi haujaisha. Wanawe mapacha walikuwa na miezi sita.

"Dawa hii inaiga sauti ya jua," Koku alisema. Papo hapo mabibi wakaipa jina, wakaiita Tosha.

Kazi ya kutia matone tulipewa sisi, kwa sababu akina mama wako kiwandani, na kwa sababu, alivyosema Koku, macho ya waliozaliwa nje bado ni mazuri na mikono yao ina subira. Kila mmoja aliweka dole gumba kwenye karatasi, kwamba mtoto wake atapata matone ya chupa yake na si ya mwingine. Koku alitwambia waziwazi kuwa chupa nyingine zina maji. Hata yeye hakujua ni zipi.

Lakini watoto walijua kabla wiki haijaisha. Kulwa alikunja uso na kutoa machozi. Doto alicheka.

"Yangu haiumi," akasema. "Kulwa ni mwoga."

Nikaonja kwa jicho langu mwenyewe. Chupa ya Kulwa iliwasha kama kitunguu. Chupa ya Doto ilikuwa maji.

Kwetu mapacha hawatenganishwi. Ukimpa Kulwa kipande cha nyama, Doto ana kipande chake sufuriani. Ukimchapa mmoja, mwingine naye lazima aguswe, hata kwa unyoya. Mama yangu alinifundisha hivyo, na mama yake alimfundisha yeye. Nilitazama chupa mbili zile, nikaona ninaambiwa nimchague mtoto atakayekuwa kama mama yao. Nikachemsha bakuli la kioo, nikamimina chupa zote mbili humo, nikakoroga, nikazigawa upya, nusu kwa nusu.

Bi Ng'washi, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, aliingia kuomba chumvi akanikuta.

"Minza, unapika nini humo?"

"Sipiki."

"Mwongo. Mtu hafungi mlango saa nne asubuhi kwa ajili ya kuosha chombo."

Nikamwambia. Nilidhani atanisuta. Akaenda kwake, akarudi na chupa ya mjukuu wake Shija. "Ya huyu inawasha," akasema. "Analia kama anachinjwa. Mimina na hii."

"Ng'washi, yake ni dawa kamili. Ukiimimina humu atapata nusu."

"Nimesikia. Kwani mimi kiziwi? Mimina."

Mwezi ulipoisha mabibi wote ishirini na tisa walikuwa wakija kwangu kila Jumamosi asubuhi. Wenye chupa za kuwasha walimimina za kwao bila kuombwa, ili wajukuu wa wenzao wapate. Nimeishi miaka sabini na mmoja, na sijaona wema mkubwa kuliko ule. Mwanamke ana dawa ya macho ya mtoto wake mkononi, na nusu yake anaimimina kwenye bakuli kwa ajili ya mtoto wa mwenzake, halafu anauliza habari za mlenda.

Na wema huo ndio ulioiua dawa. Namba za Koku zilikuwa sawa kwa sababu watoto wote sitini na wanne walikuwa wametiwa kitu kimoja.

3

Baada ya tangazo tulikutana katikati ya vitanda vya kuoteshea pamba, mahali ambapo mashine za hewa zinavuma na maneno hayafiki mbali. Nikawaambia ninachokijua. Wengine walikuwa wameshang'amua. Wawili walianza kulia.

"Twende tukamwambie mtoto yule, Koku," nikasema. "Dawa inafanya kazi. Sisi ndio tumeificha."

"Na umekisoma kijitabu cha Baraza?" Bi Ng'washi akauliza. "Mimi nilisomewa na Shija. Familia itakayoharibu jaribio, watoto wake hawaingii kwenye jaribio lolote kwa miaka mitano. Mitano, Minza! Dawa itapelekwa Paa lingine, ianze upya, na wetu watakaa wakitazama. Jicho la Shija sasa lina milimita ishirini na sita na ushee. Miaka mitano atakuwa wapi?"

"Na tukinyamaza?"

"Tukinyamaza, kila mmoja anaficha kidogo kwenye kichupa. Gari likija tunasema zimemwagika. Sisi ni vikongwe, mikono inatetemeka, nani atabisha?"

Mtu akacheka, kisha akajutia kicheko chake.

"Kichupa kitatosha miezi miwili," nikasema. "Halafu?"

"Halafu Mungu."

"Mungu ndiye aliyetupa Koku."

"Usinihubirie!" Bi Ng'washi akasimama. "Wewe ndiye uliyeanza na bakuli lako. Mimi nilikuja kuomba chumvi!"

Kisha akaketi, akaniona nikihangaika kukunja goti langu bovu, akavua kanga yake ya mabegani, akaikunja, akaisukuma chini ya goti bila kunitazama.

Tulikubaliana kunyamaza. Nami niliinua mkono pamoja nao.

4

Nilipofika nyumbani watoto walikuwa darasani. Mbuke alikuwa amesimama katikati ya chumba.

"Mama," akasema, "kila Jumamosi kwa miaka miwili nimesikia vioo vikigongana humu. Nikasema moyoni unaosha chupa. Jana, Koku alipokuwa analia, wewe ulizuia pumzi. Nilikusikia. Zile chupa ulikuwa unazifanya nini?"

Nikamweleza yote, mpaka mkono wangu ulioinuka kwenye pamba. Nilitarajia anishukuru kwa kutowatenganisha wanawe. Ndivyo nilivyokuwa nimejipangia miaka yote miwili, kwamba siku akijua atashukuru.

"Hukuniuliza," akasema.

"Sikutaka kukutwika."

"Mimi ndiye mama yao. Hukuniuliza." Akarudia tena kwa sauti ya chini, na hiyo ya chini ndiyo iliyoniuma. "Mnanilisha, mnanivika, mnanisogezea kigoda, nami nashukuru. Lakini mmenifanya mtoto wa tatu humu ndani."

Nikasema nisamehe, na lilikuwa neno dogo mno kwa shughuli ile.

Uzi aliokuwa akiusokota ulikuwa umeanguka, naye hakuutafuta.

"Nilipokuwa na miaka tisa," akasema mwishoni, "tuseme kulikuwa na mwanamke mahali fulani, ana dawa, akaificha kwa ajili ya wajukuu zake. Ningemlaani? Hapana. Ningemwelewa kabisa. Lakini bado ningekuwa kipofu." Akanyoosha mkono. "Nipe bega lako. Twende kwa Koku."

5

Koku alitusikiliza akiwa amesimama, mgongo kwenye mlango wa jokofu la dawa. Hakupiga kelele. Nilipomaliza alivuta kiti akamkalisha Mbuke, akavuta cha pili akanikalisha mimi, na hakukuwa na cha tatu, hivyo akaketi juu ya sanduku.

"Nusu," akasema. "Wote walipata nusu ya nguvu, na bado ilishika." Kwa muda uso wake uling'aa kama wa msichana aliyepata barua. Kisha ulizimika. "Lakini siwezi kuonyesha. Baraza wataniuliza, uthibitisho uko wapi? Nitasema, bibi mmoja ameniambia?"

"Mabibi ishirini na tisa," nikasema.

"Hata mia, Bibi. Wanahitaji macho yaliyopata na macho yaliyokosa, kwenye nyumba moja, chini ya taa moja. Hakuna mtoto hapa aliyekosa."

Aliinuka, akatembea, akarudi. Aliposema tena hakututazama.

"Kuna jambo naweza kufanya. Dawa iliyobaki humu, ikichanganywa mlivyozoea, inatosha watoto wenu wote mwaka mzima. Naweza kuandika kwamba jokofu liliharibika. Majina yenu hayatafutwa kwenye kitabu cha majaribio. Hakuna atakayejua."

Mungu anisamehe, moyo wangu uliruka. Alikuwa tayari kupoteza kazi yake na jina lake kwa ajili ya watoto wasio wake, na alilisema kama mtu anayekukaribisha chai.

"Na baada ya mwaka?" Mbuke akauliza.

"Baada ya mwaka haipo tena. Kiwanda cha dawa kitakuwa kimeifuta."

"Ipo njia nyingine. Nakusikia unaizunguka."

Koku akaja akachuchumaa mbele yake. "Ipo. Kuacha kwenyewe kunaweza kuwa uthibitisho. Nikiwapa nusu ya watoto dawa kamili na nusu nyingine nisiwape kitu, kwa siku tisini, macho ya waliokosa yatakimbia. Yakikimbia, hakuna wa kubisha. Nitaandika ukweli wote, pamoja na bakuli, niombe siku hizo tisini. Nitawaomba pia mfutiwe adhabu, kwa kuwa mmejisema wenyewe. Lakini jicho likisharefuka halirudi, dada. Dawa itakayobaki gari la Baraza litaichukua, na mpya itachukua mwaka kutengenezwa. Na mapacha wa kufanana ndio wanaoonyesha kuliko wote. Ikiwa Kulwa na Doto wamo, lazima mmoja apate na mmoja akose."

"Nani?"

"Itapigwa kura ya bahati nasibu huko Baraza. Safari hii hata maji yatatiwa chumvi ili yawashe, bibi wala mtoto asijue."

Mbuke alinigeukia. Macho yake hayaoni, lakini hujua mahali uso wa mtu ulipo. "Mama, unasemaje? Nakuuliza."

Nilitaka kusema tuchukue ule mwaka. Nilitaka kusema tuwaweke wote wawili nje ya jaribio, waingie gizani wakiwa wameshikana mikono. Nilisema, "Wewe ndiye mama yao."

"Tuandike," akasema.

Jibu la Baraza lilikuja siku ya nne. Siku tisini wametoa. Adhabu wameiahirisha mpaka namba zionekane. Mzazi asiyetaka asilazimishwe.

Nilitembea mlango kwa mlango na mkono wa Mbuke begani mwangu, na yeye ndiye aliyezungumza. Akina mama hawakuweza kumjibu kwa ukali. Wengi walitazama macho yake, wakatazama watoto wao. Familia kumi na tisa zilikataa, na sikuilaumu hata moja. Bi Ng'washi alitufungia mlango. Asubuhi ya kwanza ya matone alifika maabara akiwa amemshika Shija mkono, amevaa kanga yake ya sherehe, akinitukana tangu mwanzo wa ushoroba mpaka mwisho.

"Kikongwe mchawi wewe," akaniambia. "Sogea nikae."

Nikasogea.

6

Siku tisini niliwatia wajukuu zangu matone kutoka chupa mbili nisizozijua. Nilizipasha joto kwenye viganja kama Koku. Wote wawili walikunja uso, wote walitoa machozi. Nilikuwa na hila za kikongwe: nilionja, nilinusa, niliweka tone kwenye ukucha nikaliangalia kwenye taa. Zilikuwa sawa. Baraza walikuwa wameshawajua watu wa namna yangu.

Wiki ya tatu Doto alikosea hatua kwenye ngazi, nikasema moyoni, ni yeye. Wiki ya tano Kulwa alisogeza daftari karibu na pua, nikasema, ni yeye. Wiki ya sita nilijikuta nimesimama na chupa zote mbili, na bakuli kwenye meza. Sikumbuki kulichemsha. Mbuke alikuwa amelala kitandani na homa, amegeukia ukuta.

"Mama," akasema bila kugeuka, "maji yamechemka. Weka majani ya chai."

Nikaweka majani ya chai. Tukanywa. Hakulitaja tena, na kutolitaja kwake nimekuweka miongoni mwa mema niliyotendewa.

Siku ya tisini tulijazana maabara, mabibi, akina mama walioombewa ruhusa kiwandani, watoto thelathini na sita. Mashine ya kupimia ina mahali pa kidevu na taa nyekundu ndogo, na inatamka urefu kwa sauti. Kabla siku tisini zile hazijaanza, mapacha walikuwa na milimita ishirini na tano nukta nane, wote wawili, kama walivyo katika kila kitu.

Shija alipimwa mapema. Ishirini na sita nukta mbili, palepale alipokuwa. Bi Ng'washi alijishika kiuno, akatazama dari, akanong'ona kitu kwa Kisukuma ambacho ni cha Mungu peke yake. Mtoto aliyefuata alikuwa ameruka, namba yake imepanda. Aliyefuata alikuwa amesimama. Aliyefuata ameruka, ameruka, amesimama. Koku aliandika haraka zaidi na zaidi, kwa sababu hakukuwa na wa katikati. Walikuwa mafungu mawili, yametengana kama mchele na pumba kwenye ungo. Hata sisi tusiosoma namba tuliona.

Kulwa aliweka kidevu.

"Ishirini na tano nukta tisa," mashine ikasema.

Mbuke alikuwa amenishika kifundo cha mkono. Vidole vyake vikazama. Sasa hapakuwa na haja ya kupima tena, lakini Doto alikuwa ameshapanda kwenye kiti, ameshaweka kidevu, anatabasamu na meno yake mawili mapya.

"Ishirini na sita nukta tano."

Kwa siku tisini jicho lake lilikuwa limekwenda safari ya mwaka na nusu. Mwaka mmoja wa kusubiri mbele yake, na mstari wa ishirini na saba hapo mlangoni.

Nyuma yangu mtu alipiga kigelegele. Wakadakia wengine, maabara ikajaa vifijo, kwa kuwa dawa ilikuwa imepatikana, kwa Paa letu na kwa kila Paa, na watoto ambao hawajazaliwa wataona. Walikuwa na haki ya kushangilia. Ningekuwa mimi ni wao ningeshangilia. Bi Ng'washi peke yake aliniona. Akawainulia mkono wenzake, wakanyamaza mmoja mmoja, mpaka ikabaki mashine inavuma.

Koku alikuwa amejifunika mdomo kwa karatasi zake.

Doto alishuka kitini. Aliangalia nyuso zetu, akaja mpaka nilipo, karibu kabisa, akakunja macho ili anione vizuri.

"Bibi, yangu ni kubwa kuliko ya Kulwa," akasema. "Nimeshinda?"

Mbuke ndiye aliyemjibu. Alipiga magoti, akanyoosha mikono mpaka akakipata kichwa cha mwanawe, akaupapasa uso ule, paji, nyusi, mashavu, taratibu, kama mtu anayesoma.

"Umeshinda, mwanangu," akasema. "Umewashinda wote."

Kulwa alinuna. Akapanda tena kwenye kiti, akaweka kidevu, akasema apimwe upya.